Sura ya Tisa: Kisanduku, Tupa

Karatasi ya maelezo ya mtuhumiwa ilikuwa na mistari kumi na minne tu, na Inspekta alikuwa ameisoma mara sita kabla hajashuka kwenye gari. Kituoni walimwita Kwanini, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni. Aliyembandika jina hilo alidhani anamkejeli. Yeye alilipokea kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Afande, kuna la kutafuta tena hapa?" Sajini aliuliza huku akifunga mlango wa gari. "Saa nane kamili Fundi anapandishwa kizimbani. Faili limekamilika."

"Ndiyo maana nimekuja saa tatu."

Hakuwa na muda wa kuchezea. Fundi alikuwa amelala mahabusu siku mbili, na mahabusu hutoka mtu akaoga yakaisha. Kizimbani ni mambo mengine. Mtu anayefufua samani za watu huishi kwa sifa moja, uaminifu. Akishasomewa shtaka la wizi mbele ya kadamnasi, hata aipige randa mbao mpaka ing'ae kama kioo, nani atamwachia kabati la marehemu mama yake? Tayari asubuhi ile mteja mmoja alikuwa anatoka karakana amebeba kiti chake kisicho na mguu, macho chini, kama aliyekuja kuiba mali yake mwenyewe.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuisimulia, na wepesi huo ndio uliomtia Inspekta wasiwasi. Mwalimu mkuu mstaafu, mjane, alikuwa na meza ya kuandikia aliyoachiwa na mumewe, ya mti mgumu mweusi. Nyuma ya droo kulikuwa na kisanduku cha siri, na ndani ya kisanduku hati ya nyumba anayoishi, yenye jina lake yeye. Unyevu wa miaka mingi ulikivimbisha kisanduku kikakwama. Jumamosi Mwalimu aliipeleka meza kwa Fundi akamwambia mbele ya wote waliosaidia kubeba: ifufue yote, na kisanduku hicho ukitoe bila kukivunja, humo mna hati yangu. Jumatano asubuhi akaja kuangalia kazi imefika wapi. Alichokuta nyuma ya droo ni tundu.

Sajini ndiye aliyekipata kisanduku, kwenye shimo la taka nyuma ya karakana, kitupu, pembe moja imepasuka. Sajini huyohuyo ndiye aliyepindua droo akaona maandishi ya penseli chini yake, kwa mkono wa Fundi:

Juu: randa.
Ubavu: msasa.
Viungo: patasi.
Kisanduku: tupa.

Aliichukua droo, akamchukua na Fundi, na chai ya Fundi ilibaki mezani inafuka moshi.

"Mistari mitatu ya kazi, mmoja wa wizi," Sajini alisema sasa, kwa fahari ya mtu aliyeshinda bila jasho. "Na alikiri, afande. Usisahau kwamba alikiri."

Inspekta aliikunjua tena ile karatasi.

Swali: Maandishi haya ni yako?
Jibu: Ni yangu.
Swali: Uliandika "kisanduku, tupa"?
Jibu: Niliandika.
Swali: Na ukafanya hivyo?
Jibu: Nilianza. Nilimaliza upande mmoja, giza likaniwahi.

"Upande mmoja," alisema. "Sajini, wewe ukitupa kisanduku, huanza na upande gani?"

"Alikuwa amechanganyikiwa, afande."

"Kwa nini achanganyikiwe hapo tu? Jina lake amelitaja sawa, umri wake sawa, siku sawa. Akifika kwenye kutupa anatupa nusu nusu?"

Sajini alikuna kisogo. Hakuwa mtu mbaya, ila aliipenda kesi iliyoiva kama watu wengine wanavyopenda embe.

Karakana ilikuwa banda la mabati lililoegemea ukuta wa nyumba ya Fundi. Viti visivyo na makalio vilining'inia darini, kabati moja lilisimama bila milango, na sakafu yote ilifunikwa na maranda. Kwenye ukuta wa nyuma zana zilipangwa kila moja kwenye msumari wake: randa tatu, misumeno, patasi kuanzia nene mpaka ya upana wa kidole. Katikati ilikaa meza ya Mwalimu.

Mwanamke mnene alisimama kando yake, mikono kiunoni, vidole vyake vya rangi ya kahawia hadi kwenye kiungo cha pili. Huyu ni dada yake Fundi, naye ndiye mpaka rangi wa karakana ile. Mtaa mzima ulimwita Vanishi.

"Mmekuja kunichukua na mimi?" aliuliza. "Niambieni mapema nikafunge makopo. Vanishi ikikauka humo, atanilipa nani?"

"Inategemea," Sajini alidakia. "Ufunguo wa pili wa karakana ni nani anao?"

"Ni mimi."

"Na Jumanne jioni, Fundi alipofunga, nani aliingia?"

"Ni mimi vilevile. Vanishi hupakwa jioni, vumbi likishatulia. Kaka alikwishamaliza juu ya meza, nikaja na taa yangu, nikapaka, nikafunga, nikaenda kulala. Andika basi, kalamu ya nini?"

Sajini alimtupia Inspekta jicho la ushindi. Kufuli halikuvunjwa, mwenye ufunguo aliingia baada ya Fundi, wawili hao ni ndugu. Inspekta aliiona njia hiyo, na kwa dakika moja ilimkaa vizuri kichwani. Kisha akaisikia harufu kali ya vanishi, akageuka kutazama dirisha.

"Ulipoondoka, dirisha uliliachaje?"

"Wazi. Nikilifunga, asubuhi ninakuta vanishi imetoa jasho. Halina nondo, lakini miaka ishirini na mbili hatujaibiwa hata msumari." Vanishi alishusha mikono. Sauti ikapungua ukali. "Kaka yangu hajawahi kuchukua kitu cha mtu. Akiokota shilingi kwenye droo ya mteja, anaifunga kwenye karatasi anaandika jina. Mimi humcheka."

Inspekta aliinama juu ya meza. Uso wa meza uling'aa ukaonyesha dari na viti vyote, isipokuwa mahali pamoja, karibu na ukingo wa mbele, palipokuwa na doa kama la vidole vitatu vilivyobanwa pamoja.

"Hili doa?"

"Usinikumbushe! Kuna mjinga aliigusa ikiwa mbichi. Nitalazimika kukwangua na kupaka upya. Nilidhani ni polisi wenu na vitambaa vyao."

"Sisi tulikuja Jumatano saa tatu," Sajini alisema.

"Saa hiyo ilishakauka. Ungeweza kuilalia."

Inspekta alitoa kioo cha kukuzia. Ndani ya doa kulikuwa na mistari myembamba iliyolala mshazari, yote imeelekea upande mmoja, nyuzi za kitambaa zilizojichapa kwenye vanishi. Lakini kitambaa cha kufutia huacha alama ya hovyo. Hii ilikuwa na kingo mbili zilizonyooka, na kingo hizo zilikutana mbele zikafanya ncha.

Akasimama mbele ya meza, akaingiza mkono kwenye tundu la droo mpaka kwapani, akatafuta kwa vidole mahali kisanduku kilipokuwa kimekaa. Ili afike ilimbidi ainame mpaka kidevu kikaribie uso wa meza. Kitambulisho chake, kilichoning'inia shingoni kwa kamba, kilishuka kikalala juu ya doa. Aliutoa mkono, akauingiza tena akiwa amesimama tofauti kidogo. Kikalala palepale.

"Sajini, aliyekichomoa kisanduku alikuwa na kitu kimemning'inia shingoni. Cha kitambaa. Chenye ncha."

Fundi alikamatwa amevaa fulana iliyotoboka, na Vanishi alikuwa na ushungi uliofungwa nyuma. Katika wote waliotajwa kwenye faili, mmoja tu hakuwahi kuonekana bila tai, iwe msibani au sokoni: mdogo wa marehemu, shemeji yake Mwalimu, aliyesaidia kubeba meza Jumamosi. Watu walimwita Bwana Tai, na wenye ulimi mkali walisema wanamaanisha yule ndege.

"Doa si hati, afande," Sajini alisema taratibu. "Na tai wanavaa wengi. Mahakamani watatuonyesha ile droo, watasoma 'kisanduku, tupa', na tutarudi kulekule."

Alikuwa na haki, na Inspekta alilijua hilo. Mstari ule wa mwisho ulikuwa umekaa kooni kama mwiba wa samaki. Alizunguka karakana akigusa zana moja moja. Saa yake ilisema saa nne na nusu. Kwenye ukuta wa nyuma alikuta msumari usio na kitu, na chini yake vumbi limeacha umbo refu jembamba.

"Hapa pananing'inia nini?"

Vanishi alinyoosha shingo. "Aa, tupa. Ile nyembamba ya kaka. Mmeichukua nyinyi?" Kabla hajajibiwa aliinama, akakohoa, akaiokota chini ya meza ya Mwalimu, imefunikwa na maranda nusu. "Hii hapa. Jumanne alikuwa anaipenyeza pembeni mwa kile kisanduku akikisugua taratibu ili kilegee. Haitaki pupa kazi hiyo, wala haitaki giza. Mbona unanitazama hivyo, afande?"

Inspekta alikuwa ameshika mdomo. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashikilia jiriwa iliyofungwa kwenye meza ya kazi asianguke. Neno lenyewe alilijua tangu utotoni. Bibi yake alinolea jembe kwa tupa kila msimu, na yeye ndiye aliyetumwa kuileta. Randa, msasa, patasi, tupa. Fundi aliandika kila mahali na zana yake, basi, kama anavyoandika miaka yote, chini ya droo pasipoonekana.

"Sajini, kitoe kisanduku kwenye mfuko."

Walikigeuza mwangani. Pande tatu zilikuwa nyeusi kwa uzee. Wa nne ulikuwa mweupe, umekwaruzwa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Upande mmoja," Sajini alinong'ona. Aliketi juu ya kigogo. "Mungu wangu. Nilimuuliza mara tatu, na mara zote tatu mzee wa watu akanijibu ukweli."

"Simama. Nataka vijana wawili na kibali cha upekuzi nyumbani kwa Bwana Tai, sasa hivi. Wasiguse mlango mpaka yeye awe hapa. Na mwite hapa, saa sita. Pamoja na Mwalimu. Waambie nataka kuwasomea tulipofikia."

Saa sita na dakika tano Bwana Tai aliingia akikanyaga maranda kwa vidole vya mbele, suti ya kijivu, tai ya bluu. Mwalimu alimfuata, mwembamba, mgongo umenyooka, macho mekundu ya mtu asiyelala. Kwa miaka thelathini aliwanyamazisha watoto mia sita kwa kukohoa tu, na sasa hakuwa na uhakika kama mwezi ujao atakuwa na paa.

"Inspekta, shemeji yangu huyu amechoka," Bwana Tai alianza. "Mambo haya yanamzeesha. Nimemwambia, hati imepotea, imepotea. Nyumba ilikuwa ya kaka yangu, ukoo utakaa utaamua. Hatutamtupa."

"Hilo ni neno zuri," Inspekta alisema. "Mara ya mwisho uliingia humu lini?"

"Jumamosi. Tuliishia mlangoni. Vumbi na mimi hatupatani, unaona mwenyewe."

"Na kwa maoni yako, Fundi ndiye?"

"Maoni? Jamani! Mtu anaandika kwa mkono wake kwamba kisanduku kitupwe, kisha kisanduku kinakutwa kimetupwa. Mnataka ushahidi uje unapiga tarumbeta?"

Vanishi aliacha kukoroga kopo lake. Inspekta alikuwa amejiandaa kumzungusha nusu saa nzima, na mtu amejipeleka mwenyewe kwa dakika mbili! Ilibidi aume ulimi asitabasamu.

"Umeyasoma wapi maandishi hayo?"

"Si… watu wanasema."

"Watu gani?"

Bwana Tai alimnyooshea Sajini kidole. "Huyu, nadhani. Siku ile ya kukamata."

"Mimi?" Sajini aliruka. "Droo niliifunga kwenye mfuko kabla sijafungua kinywa!"

"Shemeji," Mwalimu alisema polepole, "mimi mwenye meza ndio kwanza nasikia kwamba kuna maandishi."

"Yako chini ya droo," Inspekta alimweleza, bila kumwondolea Bwana Tai macho. "Fundi huandika pale, na kazi ikiisha huyafuta kwa msasa. Droo iko stoo ya vielelezo tangu Jumatano. Wameyaona watu watatu: aliyeyaandika, Sajini na mimi. Na wa nne, yule aliyepita dirishani Jumanne akaichomoa droo. Lakini hilo peke yake lisingekuponza, Bwana. Dada, naomba tupa."

Vanishi aliinyoosha ile zana nyembamba. Inspekta akaipokea. Bwana Tai alitazama mkono wa mmoja, akatazama wa mwingine, bado anangoja kuona ni nini kitakachotupwa.

"Hii ndiyo tupa. Randa ya juu, msasa wa ubavuni, patasi ya viungo, tupa ya kisanduku. Ungekiacha kisanduku juu ya meza, leo nisingekuwa na pa kushika. Ila ulisoma, ukaona Fundi amekurahisishia: kitupe, alaumiwe aliyeandika. Mwizi wa karakana asingefanya hivyo, maana neno analijua. Kakitupa asiyejua."

"Hayo ni maneno tu," Bwana Tai alisema.

"Kweli. Basi tuje kwenye nguo. Jumanne ulivaa tai gani?"

Mkono wake ulipanda shingoni kabla akili haijauzuia. Aliyejibu ni Mwalimu.

"Nyekundu iliyoiva. Ya mume wangu. Alinililia arobaini ilipokwisha akaniomba nimpe kama kumbukumbu ya kaka yake, nikampa. Haikosi shingoni mwake." Alimtazama shemejiye kama anayesahihisha daftari. "Tangu Jumatano sijaiona."

Simu ya Inspekta ililia. Alisikiliza, akasema "rudia", akasikiliza tena, kisha akawaeleza waliokuwepo. Ndani ya begi chini ya kitanda cha Bwana Tai, vijana walikuta tai nyekundu imeviringwa kwenye gazeti, ncha yake imekakamaa kwa vanishi hadi inagonga meza ikilia ko-ko. Chini ya gazeti kulikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha hati, nzima. Hakuichoma kwa sababu alitaka kwanza kumpata wa kulibadilisha jina.

"Shemeji," Bwana Tai alimgeukia Mwalimu, "shemeji yangu, shetani tu…"

"Mwache shetani," Mwalimu alisema. "Yeye hakupita dirishani."

Vanishi alipiga kigelegele kilichotikisa mabati, na Sajini, aliyekuwa anafunga pingu, alijikuta anacheka naye. Inspekta alifurahi waziwazi, bila kujizuia. Kazi yake ilimpa siku kama hii mara moja kwa mwaka, na aliijua ilipofika.

Saa nane kasorobo walikuwa kituoni. Hakimu alishapelekewa taarifa, na faili la Fundi lilirudi likiwa na mstari mwekundu katikati. Fundi alitoka mahabusu fulana ileile, maranda mawili bado yameshikilia nywele zake nyeupe. Dada yake alimkumbatia mpaka akamtoa pumzi. Sajini alijipanga mbele yake kama mwanafunzi aliyevunja kioo.

"Mzee, nisamehe. Nilikuuliza tupa, kumbe mimi naulizia kutupa."

Fundi alimshika bega. "Mwanangu, nilishangaa. Nikajiambia, siku hizi polisi wanapenda useremala."

Kaunta nzima iliangua kicheko, kuanzia aliyepoteza simu hadi aliyekuja kumdhamini mumewe. Kisha kicheko kikapungua, kwa sababu Mwalimu alikuwa amesogea mbele, hati mkononi, na watu wa makamo waliokuwa pale walisimama wima bila kuambiwa.

"Fundi, nina kazi nyingine."

"Mwalimu, hata ile sijamaliza. Kisanduku kimebaki pande tatu."

"Hiyo nayo. Mlango wangu wa mbele umevimba chini, unaburuta. Nataka uutoe leo uende nao karakana."

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu. "Nikiutoa leo siumalizi leo. Utalala nyumba wazi, Mwalimu. Na watu… watu wamenisema siku mbili hizi."

"Ndiyo maana nakuambia hapa, wakiwepo." Hakupaza sauti, hakuwahi kuhitaji. "Nitalala wazi. Na akiniuliza mtu mlango uko wapi, nitamwambia uko kwa Fundi."

Inspekta alijifanya anatafuta kitu kwenye faili, maana macho yalikuwa yamejaa machozi. Fundi alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu aliye kazini.

"Bawaba ngapi?"

"Tatu."

"Twende nikapime."